Anataka Mke wa Nyumbani, Nami Nasubiri Kupangiwa Kituo Ubalozini

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 32, mtumishi wa umma mjini Dodoma, na nakuandikia kwa sababu kila ninayemweleza jambo hili hunipa jibu kabla sijamaliza kusimulia. Baada ya shahada yangu ya kwanza nilisoma Chuo cha Diplomasia, Kurasini, nikaajiriwa kuwa afisa mambo ya nje, na tangu hapo nimefanya kazi makao makuu ya wizara. Kazi yetu haiishii makao makuu. Huja wakati afisa akapangiwa kituo katika ubalozi na kukaa huko miaka kadhaa kabla ya kurudishwa nyumbani. Wakati wangu umekaribia. Mkuu wangu amenidokeza kwamba jina langu limo katika mapendekezo ya kituo kimoja cha Ulaya, na kwamba niyaweke sawa mambo yangu ya kifamilia.

Mambo ya kifamilia ndiyo yanayoninyima usingizi. Mwaka jana niliteuliwa kuwa katibu wa kamati ya harusi ya rafiki yangu, na mweka hazina alikuwa mwanamume wa miaka 38, mkandarasi wa majengo ambaye pia ana duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Unazijua kamati zetu, Shangazi: mtu huahidi laki tano kikaoni, kisha simu yake haipokelewi tena. Yeye alizikusanya ahadi hizo bila kumwaibisha hata mtu mmoja. Alikuwa akimpigia mdaiwa simu anaanza kwa kuulizia watoto, anaingia kwenye habari za mvua na mashamba, hadi mwenye deni mwenyewe analitaja deni lake. Nilivutiwa naye pale pale, kabla yeye hajawa na habari nami. Tulipokaribiana nikaona kwamba upole ule si wa kikaoni tu. Mama yangu alipolazwa, alikuja hospitali na chupa ya uji, akalipia dawa zilizokosekana dirishani, nami nikaja kulisikia jambo hilo kwa muuguzi. Nayaeleza haya ili usije ukadhani kwamba nazungumzia mtu mkorofi.

Tatizo ni namna anavyoziona nafasi za mume na mke. Kwake, mwanamke kusoma na kuajiriwa si shida, lakini akishaolewa kazi yake ya kwanza ni nyumba, na ofisi ifuate nyuma. Chakula cha mume kipikwe na mke, si na dada wa kazi. Mshahara wa mke ni wa mke mwenyewe, mtu asiuguse, kwa kuwa kuilisha nyumba ni wajibu wa mwanamume. Na sehemu hiyo, nitakuwa mkweli, inanipendeza, kwa sababu nimekua nikimwona mama yangu akilipa kila kitu peke yake. Mwanamume ndiye anayehama na mke akamfuata. Jioni moja tulikuwa na rafiki zake, taarifa ya habari ikamwonyesha balozi mwanamke akiwasilisha hati za utambulisho ugenini. Akauliza kwa mzaha, "Na mumewe yuko wapi? Amebaki hotelini anampigia pasi magauni?" Wote wakacheka. Mimi nikatabasamu, nikauliza kama kuna anayehitaji kuongezewa nyama.

Ndivyo ninavyofanya kila mara. Kazini tumefundishwa kutojibu mezani kwa neno litakalofunga mlango, na nadhani nimelichukua somo hilo hadi kwenye mapenzi. Akisema jambo nisiloliafiki, nalipisha. Kwa sababu hiyo hatujawahi kugombana, naye huwasifia watu kwamba amempata mwanamke msomi asiye na ubishi. Anajua kwamba nipo wizarani na kwamba husafiri kwenda kwenye mikutano. Habari ya kituo hajaisikia.

Sasa kwao wameteua mshenga, na barua ya posa inatarajiwa mwezi ujao. Dada yangu ananiambia niolewe kwanza, nimweleze baadaye, kwani mwanamume akishazoea ndoa hulainika. Mfanyakazi mwenzangu ananiambia nimwache, fikra zake ni za zamani na hazinifai. Mama anasema kwamba mume mwema hapatikani kila siku, ilhali kituo kinaweza kukataliwa. Mimi nampenda, na kazi yangu naipenda pia. Je, watu wawili wenye mitazamo inayopingana hivi wanaweza kuishi pamoja? Na nikiamua kumweleza, nitasemaje asione kwamba nampandia kichwani kabla hata hajanioa?

Nisiye na Kauli, Dodoma.

*

Marahaba, mwanangu, na ahsante kwa kuniandikia kwa uwazi ambao, kwa ulivyojieleza, hujauzoea.

Nikiirudia barua yako kwa ufupi: umempenda mwanamume mwenye adabu na huruma, anayeamini kwamba mke humfuata mume, nawe una kazi ambayo wakati wowote itamtaka mume amfuate mke au abaki nyuma. Posa iko njiani na kituo kiko njiani, lakini mwenzako anaijua habari moja tu kati ya hizo mbili. Waliokushauri wote wamelijibu swali la kituo. Mimi naona kuna swali lililolitangulia. Umenitajia maoni yake juu ya jiko, juu ya mshahara, juu ya kuhama na juu ya mabalozi wanawake, tena kwa ufasaha. Maoni yako wewe juu ya mambo hayo hayo sikuyaona, isipokuwa lile la kupendezwa anapobeba gharama. Kama mimi niliyeandikiwa barua ndefu sikuyaona, yeye aliyepewa tabasamu na nyama choma atayajulia wapi?

Umesema kwamba ukimya huo umeutoa kazini, na hapo naomba tusimame kidogo. Afisa wa ubalozi anayenyamaza mezani hanyamazi hivi hivi. Ana maelekezo kutoka makao makuu, jioni ataandika taarifa, na yule aliyeketi upande wa pili anajua fika kwamba nyuma ya ukimya ule ipo serikali yenye msimamo, ambao utaletwa rasmi siku yake ikifika. Kwa hiyo ukimya wake unaeleweka kuwa ni wa muda. Wako hauna siku yake. Mwenzako anapoona unatabasamu, huhesabu kwamba umekubali, naye hana kosa kuhesabu hivyo. Huenda mwanamke anayemsifia kwa watu, msomi asiye na ubishi, ni mtu ambaye hajawahi kukutana naye. Nakuuliza swali hili bila kukulaumu: je, unaogopa kwamba atakataa kituo, au unaogopa kwamba akikusikia ukizungumza kwa sauti yako mwenyewe atapoteza hamu nawe? Hizo ni hofu mbili tofauti, na ya pili haiondoki hata kama wizara itakuacha Dodoma hadi ustaafu.

Nije kwa mwenzako. Mfanyakazi mwenzako anasema fikra zake ni za zamani, na nadhani hata wewe unamwona kama mtu aliyeleta mila za kijijini mbele ya taaluma ya kisasa. Nisingependa uende kuzungumza naye ukiwa na picha hiyo, kwa sababu taaluma yako ndiyo iliyokuwa miongoni mwa ngome kubwa za fikra hizo. Huduma ya kidiplomasia ya Uingereza ilimlazimisha afisa mwanamke ajiuzulu akiolewa, na kanuni hiyo ilidumu hadi mwaka 1973. Marekani nayo iliwataka wanawake wake waache kazi wakiolewa hadi mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1970, na mpaka mwaka 1972 wake wa maofisa walikuwa wakitathminiwa ndani ya taarifa za utendaji kazi za waume zao: anapokeaje wageni, anaandaaje dhifa. Ubalozi ulijengwa juu ya dhana kwamba mwanadiplomasia ni mwanamume na kwamba nyuma yake yupo mke asiyelipwa. Mwenzako hakufika katika chuo chenu, lakini mzaha wake ungechekwa vizuri sana katika kumbi hizo.

Na ukiondoa kejeli, swali lake lilikuwa na maana. Mume wa balozi yuko wapi? Sisi Watanzania tumeshangilia wanawake wetu katika nyanja hii, na tulistahili kushangilia: Gertrude Mongella akiwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995, Asha-Rose Migiro akiingia wizarani kwenu kama waziri mwaka 2006 na mwaka uliofuata kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Liberata Mulamula akiwa balozi wetu Washington kabla ya kuwa waziri. Mabinti tumewaambia wawaige. Vijana wa kiume hatukuwaambia chochote juu ya maisha ya kumsindikiza mke kazini, na sasa tunashangaa wanapouliza kwa kucheka jambo ambalo hawajawahi kumwona mtu akiliishi.

Wewe unalijua jibu la kisheria kuliko mimi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, ule wa uhusiano wa kidiplomasia, unampa mwenzi anayeishi katika nyumba ya mwanadiplomasia kinga na heshima, lakini haumpi ajira, na katika nchi nyingi hawezi kufanya kazi ya kulipwa mpaka kuwe na makubaliano baina ya serikali mbili au kibali cha nchi mwenyeji. Hebu mfikirie mwanamume huyu aache mafundi wake, mikopo yake ya benki na duka lake, aende kukaa katika jiji asilojua lugha yake, ndani ya nyumba iliyopatikana kwa cheo cha mkewe, asubuhi mke akaondoka na gari yeye akabaki na ukuta. Hofu hiyo haihitaji mila yoyote ili imwingie mtu. Wanawake wengi waliowafuata waume zao walikuwa nayo, ila hakuna aliyewauliza. Inawezekana kabisa kwamba anachokiita heshima ya mwanamume ni dharau kwa wanawake; inawezekana vilevile kwamba ni woga wa kuwa mtu asiye na kazi. Kwa mbali hutayatofautisha mambo hayo mawili, itakubidi umuulize.

Sasa nikugeukie wewe, mwanangu, na uniwie radhi. Unafurahi kwamba atailisha nyumba na mshahara wako ubaki wako. Huna haja ya kuionea haya furaha hiyo, hasa kwa binti aliyemwona mama yake akihangaika peke yake, na hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasimama upande wake, kwa kuwa inamwekea mume wajibu wa kumtunza mke, huku mke mwenye uwezo akipewa wajibu kama huo pale tu mume anaposhindwa kujipatia riziki kwa sababu ya maradhi au majeraha ya mwili au akili. Lakini mkiwa Ulaya, nyumba ikiwa ya ubalozi na kipato kikiwa chako, mpango huo utageuka juu chini. Je, uko tayari kumwona mume wako saa nne asubuhi akikatakata vitunguu jikoni, hana shilingi yake, akikuomba nauli ya kwenda mjini? Ukihisi aibu kidogo unapoiona picha hiyo, hata kidogo tu, basi nawe unaamini kwamba mwanamume ana nafasi yake na mwanamke ana yake, isipokuwa mipaka mmeichora mahali tofauti. Sikuambii ubadilike. Nakuomba ujue mpaka wako uko wapi kabla hujaenda kujadili wa kwake. Sheria hiyo hiyo, inapozungumzia mgawanyo wa mali, hutambua mchango wa kila mwenzi kwa fedha, kwa mali au kwa kazi, na Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Sisi hulitaja shauri hilo tunapowatetea kina mama. Kama ni mume atakayebaki nyumbani, je, kazi yake hiyo nawe utaiita mchango?

Umeniuliza kama wenye mitazamo inayopingana wanaweza kuishi pamoja. Nimewaona wanaoishi, na nimewaona walioshindwa, na waliokuwa na mitazamo sawa pia nimewaona wakishindwa. Ningekuomba tu usiyaweke maneno yake yote kwenye fungu moja. La chakula kupikwa na mke linaweza kuwa tamaa ya mtu anayependa chakula cha nyumbani, na mara nyingi watu wazima hulimaliza wenyewe bila mkutano. La mshahara linakufaa. La nani amfuate nani ni zito, kwa sababu hakuna nusu ya kuhama. Na lipo moja ambalo hukulitaja, nami ningependa ulichunguze kuliko yote: akisikia kwamba mke wake ana wito usiompendeza, atanuna na kuuliza maswali, au ataamuru? Mume asiyependa kazi yako unaweza kuishi naye kwa majadiliano ya miaka mingi. Anayeamini kwamba kibali cha kazi hiyo kinatoka mfukoni mwake ni jambo jingine, na upole wa sauti haukusaidii kumtambua, maana wapo wanaoamuru kwa upole mkubwa.

Kuhusu njia zilizo mbele yako, kila moja ina gharama yake. Mama anasema kituo kinaweza kukataliwa au kuahirishwa. Huenda, na hilo waulize wizarani kwako kwa utaratibu, usitegemee uvumi. Lakini nafasi ikipita haina ahadi ya kurudi, na mke aliyejinyima bila kuombwa huja kudai malipo siku ambayo mume hakumbuki kwamba aliwahi kukopeshwa. Mnaweza kufunga ndoa, wewe ukaenda naye akabaki na biashara yake, mkawa mnatembeleana. Wapo wanaoifanya hivyo, lakini nauli za Ulaya si za Morogoro, umri wako unakuletea swali la watoto, na ndugu wa pande zote mbili hawatakosa la kusema. Anaweza kukufuata kwa muda akamwachia duka mtu anayemwamini, jambo ambalo kwa mkandarasi lina hatari zake, kwani mafundi wasiosimamiwa unawajua. Mnaweza kuahirisha posa mpaka barua ya kituo itoke, ili muamue juu ya jambo lililopo. Hapo hatari ni kwamba kwao watatafsiri kuahirisha kuwa ni kukataa. Na mnaweza kuachana, kwa heshima, mkiwa bado mnapendana. Sitakuficha kwamba hilo nalo ni miongoni mwa njia, ila ningesikitika likitokea kabla hamjazungumza hata mara moja.

Nisichoweza kukuunga mkono kwa wepesi ni ushauri wa dada yako, ingawa najua ameutoa kwa upendo. Mwanamume aliyeoa bila kujua atakuwa na haki ya kujiuliza ni mambo gani mengine yaliyopambwa kwa tabasamu, na hata kama kituo atakikubali, swali hilo litamkaa. Zaidi ya hapo, barua ya posa ikishafunguliwa na kishika uchumba kikapokelewa, jambo linakuwa la wazee. Kila neno utakalolisema baada ya hapo litapitia kwa mshenga, na litafika likiwa limeongezwa chumvi. Sasa hivi bado ni lenu wawili.

Umeuliza utasemaje. Tafuta muda ambao hana haraka ya kwenda saiti, wala hamko na rafiki zake, kwa sababu mbele yao atalazimika kujibu kama mwanamume wa kikundi. Usianze na Ulaya. Anza na ile jioni ya taarifa ya habari, umwambie kwamba ulitabasamu lakini hukufurahi, na umweleze kwa nini: yule mwanamke aliyekuwa akikabidhi hati zake ni mtu ambaye unatamani kuwa kama yeye. Kisha mweleze habari ya kituo kama ilivyo, yanayojulikana na yasiyojulikana, bila kuipunguza. Usimwombe jibu siku hiyo. Mwambie kwamba nawe hujui itakuwaje, na kwamba umemwambia kabla ya posa kwa kuwa hutaki aoe mtu asiyemjua. Hayo si masharti, na kama atayaona kuwa masharti, muulize ni lipi kati ya hayo uliyoyasema linalomnyima yeye kusema la kwake. Halafu usikilize, hata akianza vibaya. Neno la kwanza la mtu aliyeshtushwa huwa ni la ndugu zake na rafiki zake. Mpe siku chache, uone atarudi na nini. Ninakumbuka uliponieleza jinsi alivyokuwa akiwauliza wadaiwa habari za watoto na mvua hadi deni likajitaja lenyewe. Mtu mwenye subira hiyo huenda akawa nayo kwako, au huenda akawa nayo kwa watu wa nje tu, na kwa bahati mbaya hilo huwezi kulijua kwa kuendelea kumwongezea nyama.

Mama naye mweleze, lakini baada ya mwenzako, si kabla. Na mshenga akikupigia simu kuuliza siku ya kuleta barua kabla hamjakaa wawili, mjibu kwa adabu kwamba kuna jambo unalizungumza kwanza na mwenyewe, na kwamba tarehe mtampa ninyi.